Picha ya Setilaiti Haimjui Bibi Yako

Juzi nilimwonyesha bibi Mkongani kutoka angani. Nilifungua Google Earth kwenye simu, nikavuta karibu mpaka bati la nyumba yake likaonekana. Akatazama weee, halafu akauliza kitu kimoja tu: "Na hao walio huko juu, wanajua hapa ni kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika.

Ile picha maarufu ya Dunia nzima ilipigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, wakiwa mbali kama kilomita 29,000. Afrika ndiyo imejaa pale mbele, na pwani yetu imo. Kila mtu akiiposti anaandika, "Oneni, Dunia haina mipaka." Sawa, inapendeza. Lakini mwambie mtu wa Kwale kwamba ardhi haina mipaka, ataanza kuangalia ni nani anakuja na vigingi.

Na msiniambie mambo ya anga ni ya wazungu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa baharini hapo Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Taifa-1 ya Kenya ikaenda Aprili 2023. Siku hizi hata hauhitaji digrii. Mimi mwenyewe chuo niliacha, na bado nafungua picha za Sentinel-2 bure, na bando langu la shilingi ishirini. Zinapita juu yetu karibu kila siku tano. Shida ni mawingu, na kwamba nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10. Yaani nyumba ya bibi yote, na jiko lake, ni nukta moja.

Lakini kwa mambo makubwa zinatosha. Utaona Shimba Hills ilivyo kijani kibichi, na pale mchanga wa titanium ulipochimbwa mpaka Desemba 2024. Rudisha miaka nyuma uone palivyobadilika. Kila picha ina tarehe. Si hati ya shamba, lakini mtu akikwambia hapa palikuwa pori tupu, una pa kuanzia kumjibu.

Kile ambacho setilaiti haiwezi ni kujua majina. Kaya za Mijikenda ziko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008, lakini kutoka juu kaya ni miti tu. Kisima ni kivuli. Kaburi la babu halionekani kabisa.

Kuna atakayesema tukianza kuandika majina kwenye ramani tunawarahisishia mabroka. Hofu hiyo naielewa. Ya kaya tuwaachie wazee waamue, wakisema isiandikwe, isiandikwe. Lakini njia ya kwenda mtoni, kisima, mpaka wa mwembe, tukivinyamazia, atakuja mtu na ramani isiyo na jina hata moja, aseme hapakuwa na mtu.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kushuti klipu nyingine ya Diani, kaa na mzee wako na simu. Muulize kila mahali panaitwaje, mrekodi. OpenStreetMap inakubali mtu yeyote aongeze majina.

Bibi alinitajia kumi na mawili kabla chaji haijaisha. Matano sikuwahi kuyasikia maisha yangu yote, na nimezaliwa hapa.