Mgeni Njoo, Mwenyeji Ahame

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapa Kampala tumeigeuza methali hiyo. Mgeni akija na ramani ya maghorofa, mwenyeji hufungasha godoro lake. Nasema hivi bila kumung'unya maneno, kwa sababu katika jiji letu neno "kuendeleza" limekuwa jina la heshima la kubomoa. Hoja yangu ni moja: mtaa huendelezwa na watu wanaoishi humo. Serikali, wahandisi na sisi tunaojiita wasomi kazi yetu ni kuwaongezea nguvu. Anayeanza kwa kuwaondoa wenyeji hauendelezi mtaa, bali anaufuta.

Tuanze na Nakawa na Naguru. Nyumba za mitaa hiyo zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na vizazi kadhaa vikakulia humo. Mwaka 2007 serikali yetu ilitia saini mkataba na kampuni binafsi ili pajengwe mji mpya wa kisasa, na wapangaji wakaahidiwa kufikiriwa nyumba zitakapokamilika. Mwaka 2011 nyumba zao zikabomolewa, na kaya zaidi ya elfu moja zikatawanyika. Mwaka 2013 jiwe la msingi likawekwa. Miaka ikapita, na sehemu kubwa ya ardhi ile ikabaki nyasi na vichaka.

Kuna watakaosema kosa lilikuwa la mwekezaji, kwamba angepatikana mwenye mtaji wa kutosha mambo yangekwenda vizuri. Mimi nakataa. Hata kama maghorofa yangesimama mwaka uleule, mtaa ulikuwa umeshavunjika siku ile ya kwanza. Jirani aliyekuwa akikulelea mtoto unapokwenda kazini amehamia upande mwingine wa jiji. Muuza duka aliyekukopesha sukari mpaka mwisho wa mwezi hayupo tena. Chama cha akina mama cha kuwekeza fedha kimekufa. Mambo hayo hayamo katika ramani ya mchoraji yeyote, lakini ndiyo yanayomwezesha mtu wa kipato kidogo kuishi mjini.

Sasa tushuke Kisenyi, karibu kabisa na katikati ya jiji. Mwaka 2002 wakazi wa huko walianza vikundi vya kuweka akiba, shilingi chache kila siku, na kutokana na vikundi hivyo likazaliwa shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda ambalo leo limeenea katika miji mingi ya Uganda. Watu hao hawakungoja mtafiti. Walihesabu nyumba zao wenyewe, wakahesabu vyoo na mabomba ya maji, kisha wakaenda kwenye meza ya mazungumzo na takwimu zao mkononi. Kisenyi wakapata jengo lenye vyoo na ukumbi wa mikutano. Msomaji anaweza kucheka: choo ni maendeleo gani? Ninamwomba aishi wiki moja katika chumba kimoja cha kupanga, kile tunachokiita muzigo, ambapo kaya nyingi hutumia choo kimoja, kisha aniulize tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapa ndipo inapotupasa tujitazame sisi wenyewe. Kati ya kilima cha Makerere na hospitali ya Mulago kuna bonde liitwalo Katanga. Wanafunzi tunapita huko kila siku kutafuta chapati, kunyoa nywele na kupiga picha karatasi. Kesi za umiliki wa ardhi hiyo zimekaa mahakamani miaka mingi, na wakazi wake wanalala wakiwa hawajui kesho. Mwaka jana nilikwenda huko na hojaji yenye maswali arobaini. Mama mmoja anayeuza mkaa alinijibu yote kwa subira, kisha akaniuliza swali lake moja: "Mwanangu, wale waliokuja kabla yako walipata nini kutoka kwetu?" Sikuwa na jibu. Nilipata alama nzuri kwa kazi ile, na majibu ya mama yule bado yamo ndani ya mkoba wangu. Sijamrudishia hata ukurasa mmoja.

Je, tofauti yangu na yule mgeni mwenye ramani ni nini? Yeye anachukua ardhi, mimi nimechukua maneno. Sote wawili tumeondoka na kitu, na mwenyeji amebaki alipokuwa.

Najua nitaambiwa kwamba ninaota, kwamba hakuna mahali watu wa kawaida wanaweza kushika hatima ya makazi yao. Hilo si kweli. Huko Scotland kuna kisiwa kidogo kiitwacho Eigg, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mali ya matajiri, huyu akimuuzia yule, na wakazi wakiwa kama samani zinazouzwa pamoja na nyumba. Mwaka 1997 wakazi hao, ambao hawakufika hata mia moja, walishirikiana na halmashauri ya eneo lao na shirika la kuhifadhi wanyamapori, wakachangisha fedha na kukinunua kisiwa chao. Mwaka 2003 Bunge la Scotland likapitisha sheria inayoipa jamii ya vijijini haki ya kuwa ya kwanza kununua ardhi inapouzwa, na sheria ya mwaka 2015 ikaifikisha haki hiyo mijini.

Sisi tuna nini? Tuna zaidi ya tunavyofikiri. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mwenye kibanja aliyekaa kwenye ardhi miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya mwaka 1995 bila kupingwa na mwenye ardhi. Inamtaka mwenye ardhi anayetaka kuuza ampe kwanza nafasi ya kununua yule aliyemo. Iliunda pia Mfuko wa Ardhi, ambao mojawapo ya kazi zake ni kuwakopesha wenye vibanja ili wajipatie hati. Upungufu wake ni kwamba inamtazama mkazi mmoja mmoja. Mkazi mmoja hana nguvu mbele ya mnunuzi mwenye wakili. Ninachodai ni kwamba haki hiyo ya kununua kwanza ipewe pia jamii ya mtaa mzima iliyojisajili, na kwamba Mfuko wa Ardhi ufikie vikundi vya akiba vya mijini.

Kuna pingamizi tatu ambazo sitazikwepa. Ya kwanza ni kwamba wakazi si wahandisi. Kweli kabisa. Mafuriko ya Bwaise hayataondolewa kwa majembe ya vijana wa mtaa. Mfereji mkubwa ni kazi ya serikali, na tunalipa kodi kwa ajili hiyo. Ndiyo maana sipendi wanasiasa wanaosifu "jamii kujitegemea" wakati bajeti imefungwa kabatini. Buganda tuna desturi nzuri ya bulungi bwansi, watu kutoka pamoja na kusafisha njia na visima kwa faida ya wote. Lakini enzi za ukoloni palikuwapo pia luwalo, kazi ya lazima isiyo na malipo. Jamii kuongoza haina maana ya jamii kubebeshwa gharama. Mkazi akishika kalamu, serikali ilete saruji.

Pingamizi ya pili ni kwamba viongozi wa jamii nao hula fedha. Wapo wanaokula. Lakini mwizi wa mtaani unajua anakolala, na hesabu zake zinaweza kubandikwa ukutani kila mwezi, kila mwenye macho asome.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, na wapenzi wengi wa maendeleo huikwepa. Jamii ni nani? Wakazi wengi wa mitaa hii ni wapangaji. Ukileta taa, lami na maji, mwenye nyumba anapandisha kodi, na yule yule aliyechimba mtaro anafukuzwa na mtaro aliouchimba. Kwa hiyo kamati ya mtaa isiwe mkutano wa mwenyekiti wa LC na wenye nyumba peke yao. Wapangaji wawemo kwa idadi yao, wauza mboga wawemo, waendesha bodaboda wawemo, na makubaliano kuhusu kodi ya nyumba yaandikwe kabla ya gari la kwanza la kokoto kufika. Bila hilo, nasi tutakuwa tumewahamisha watu, ila kwa upole.

Ndugu zangu wanafunzi, nawaomba tuanze na kilicho mikononi mwetu. Kila utafiti unaofanywa mtaani uwe na muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiganda au kwa Kiswahili, usomwe mbele ya waliotoa majibu kabla ya kusahihishwa. Nanyi walimu wetu, mnaweza kulifanya jambo hilo kuwa sharti la alama. Halihitaji kibali cha waziri wala mkopo wa benki. Wakazi wakizipata takwimu zao watakuwa na cha kuweka mezani siku mgeni atakapokuja na ramani.

Mimi nimeshaanza kuandika muhtasari wangu. Ukiwa tayari, nitashuka bondeni kwa yule mama muuza mkaa na kumsomea, na pale nilipomwelewa vibaya, anisahihishe.