Hamira Inaposhikwa na Njaa

Mama anayekoroga hamira katika maji ya uvuguvugu yenye sukari, kabla ya kuitia katika unga wa maandazi, huwa anaamsha mamilioni ya viumbe hai. Povu lile linalopanda ni hewa wanayoitoa wanapokula. Kila kimoja ni seli moja tu. Ukizipanga seli mia mbili mstari mmoja utapata takriban milimita moja. Seli hiyo haina jicho wala pua, na ubongo hauna mahali pa kukaa. Hata hivyo, inajua imetiwa katika chakula cha namna gani, na kwa ujuzi huo hubadili hata umbo lake.

Tumeona tulizungumze jambo hili wiki hii kwa kuwa linafika hadi vyumbani mwetu, na huko limevuruga nyumba zisizo na hatia.

Katika utando unaoizunguka seli ya hamira mna protini zinazofanya kazi ya mabawabu. Wengi wao hufungua mlango na kuipitisha sukari. Lakini wapo wawili, Snf3 na Rgt2, ambao wana sura ya mabawabu wenzao ilhali mlango hawaufungui. Hao huipima tu sukari iliyo nje na kupeleka habari ndani: mmoja hutambua sukari kidogo, mwingine sukari nyingi. Seli ikishapata habari hutengeneza milango inayolingana na kiasi kilichopo. Mlinzi wa getini mwenye uangalifu wa namna hii sisi hatujapata kumwona.

Sukari peke yake haitoshi, kwani seli huhitaji pia naitrojeni ili ijenge mwili wake. Vyote viwili vikiwepo, hamira hukaa na umbo la yai, huchipuza mtoto ubavuni, na mtoto akikua huachana na mama. Hali ikiwa njema, kazi hiyo huchukua kama saa moja na nusu. Mwaka 1992, Gerald Fink na wenzake huko Massachusetts, Marekani, walieleza yanayotokea sukari ikiwepo na naitrojeni ikiadimika. Seli hurefuka. Mtoto haachani tena na mama, bali huzaa mbele yake, na mjukuu vivyo hivyo, hata ukatokea mnyororo unaopenya ndani ya chakula kigumu walichooteshewa. Hamira haina miguu. Inakwenda kutafuta riziki kwa kuzaa.

Sasa, hamira ya jikoni ina jamaa yake aitwaye Candida albicans, fangasi anayeishi kinywani, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya njema, tena bila kuwadhuru. Naye hupima mazingira yake: joto la mwili, uchachu wa mahali alipo, chakula kilichopo. Hali ikimwelekeza, huacha umbo la mviringo na kutoa nyuzi ndefu zinazojikita katika nyama ya mwili. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba nyuzi hizo hutoa sumu inayotoboa seli za mwili, wakaiita kandidalisini. Hapo ndipo mtoto mchanga anapoota utando mweupe mdomoni, na mama akapata muwasho na uchafu mzito mweupe ukeni.

Tunamwomba mume asome hapa taratibu. Fangasi huyu hahesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa. Mke anaweza kuugua bila kuambukizwa na mtu yeyote, kwa kuwa fangasi alikuwa mwilini mwake tangu hapo. Dawa za kuua bakteria, alizomeza kwa sababu ya kifua au kidonda, huwaondoa bakteria waliokuwa wakimbana. Ujauzito nao humpa nafasi, na ugonjwa wa kisukari humwongezea sukari anayoipenda. Kumtuhumu mke kwa dalili hii ni kumdhulumu. Alaa kulli hali, kwa kuwa yapo magonjwa mengine yenye dalili zinazofanana, aende hospitali apimwe, asinunue dawa kwa kubahatisha. Na anayepatwa mara kwa mara, mwanamke au mwanamume, aombe kupimwa sukari ya damu pia.

Ama utando wa mdomoni mwa mtoto, usikwanguliwe kwa kitambaa. Ukibanduliwa kwa nguvu huacha kidonda kinachotoa damu, na mtoto hukataa ziwa kwa maumivu. Kliniki zipo dawa za matone za kutibu utando huo, na mama anayenyonyesha aonyeshe na chuchu zake siku hiyo hiyo, kwani fangasi huweza kuhama kati ya kinywa cha mtoto na titi la mama.