Mafuta ya kikaangoni yapewe bei hapa kwetu

Kiswahili hakijapata kuyatenga kwa jina mafuta ya kupikia na mafuta ya gari. Yote ni mafuta, pamoja na ya taa na ya kujipaka. Wapo wanaoona huo ni uhaba wa msamiati, lakini kemia iko upande wa lugha yetu. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Siku hizi mafuta yaliyokwisha kukaangia huchujwa, yakachanganywa na methanoli na kostiki soda, yakatoa dizeli. Glisirini inayobaki chini hufanyiwa sabuni. (Mwalimu atakayeyaonyesha haya maabarani akumbuke kuwa methanoli ni sumu, tena hushika moto upesi.)

Mnamo Mei 2023, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikitumia mchanganyiko wenye mafuta yaliyotokana na mabaki kama hayo, ingawa kwa njia nyingine ya kiwandani. Waliyatengeneza Eni wa Italia, ambao mwaka 2022 walianza kukusanya mafuta yaliyotumika katika mahoteli ya Nairobi. Tazama safari hiyo: mawese hutoka Malaysia na Indonesia, hukaanga viazi vyetu, kisha faida kubwa hubaki Ulaya. Nasi, tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013, dizeli yote twaiagiza ikiwa tayari.

Kuna wanaotaka mapipa ya kukusanyia mafuta yawekwe mitaani kama Ulaya. Sioni yatajazwa na nini. Mama anunuaye mafuta ya kupima hana mabaki. Tone la mwisho huishia mbogani. Mabaki yamo katika vibanda vya chipsi, ambako mafuta hukaangiwa hata yakawa meusi, yakaongezewa mapya kidogo, yakaendelea. Wanaoyala ni wanafunzi wetu. Mwenye kibanda hataacha desturi hiyo kwa kuhubiriwa afya, ila akipata mnunuzi atakayempunguzia gharama ya mtungi mpya.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai asilimia 2 ya mafuta ya ndege katika viwanja vyake iwe ya aina hii tangu 2025, na asilimia 6 ifikapo 2030. Wanunuzi basi watazidi kuja. Serikali za kaunti, zinazotoa leseni za vibanda hivyo, zina nafasi ya kupanga vituo vya kukusanyia na bei ya chini kwa lita kabla mawakala hawajaipanga wao.