Dizaina, usitume faili kabla hujaandika chochote

Ukiingia supamaketi leo, simama kidogo mbele ya rafu ya siagi ya njugu. Usinunue, tazama tu. Hujaonja hata mkebe mmoja, lakini mkono wako tayari unajua unaelekea wapi. Unavutwa na karatasi yenye rangi iliyobandikwa pale mbele. Kuna mtu alikesha akiichora hiyo karatasi. Huenda ni wewe, na huenda ulilipwa ndururu.

Mimi niliwahi kuchora moja. Mteja alinipata kupitia kwa beshte yangu, akasema anataka lebo "simpo tu, kazi ya dakika mbili". Tukakubaliana 1,500.

Hebu nikwambie dakika mbili hizo zilivyokwenda. Lebo ya chakula si kuandika jina kwa fonti kali halafu ulale. Lazima uzito upate nafasi, viungo vipate nafasi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuharibika, anwani ya mtengenezaji, alama ya KEBS. Kisha kuna ile mistari myeusi inayopigwa skana pale kwa keshia, ambayo ikitolewa na GS1 Kenya namba yake huanza na 616. Nilitaka kuifanya nyekundu ipendeze. Bahati nzuri niliuliza kwanza, maana skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mistari myekundu ni kama haipo. Rangi nazo zina kisirani chake. Kwenye skrini, kijani changu kiliwaka kama taa, lakini kilipotoka kwa printa River Road kilikuwa kama sukumawiki ya jana, kwa sababu skrini huchanganya mwanga na printa huchanganya wino. Nilirudi huko mara tatu, kwa nauli yangu. Njugu hutoa mafuta pia, kwa hivyo karatasi ya kawaida ililowa madoa na ikabidi tutafute ya plastiki.

Nikamchorea sampuli tatu. Akasema, "Nitumie zote, nimwonyeshe mke wangu." Nikatuma zote, tena faili kamili, si picha. Akalipa ya moja. Miezi michache baadaye nikaona ile ya pili kwenye chupa ya asali, na ya tatu imepakwa ubavuni mwa gari lake la kusambaza bidhaa.

Nilipandwa na hasira, wacha tu. Nikawaambia wasee wa mtaa kuwa huyu nampeleka kortini. Mmoja wetu aliye na akili tulivu akaniuliza: mliandikiana nini?

Hatukuwa tumeandikiana kitu. Na hapa ndipo nilipojua jambo ambalo ningependa ulijue kabla halijakukuta. Kwa kawaida, ukichora kitu, hakimiliki ni yako, na huhitaji kwenda kusajili popote ndipo uwe nayo. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Soma hapo tena. Mkinyamaza nyote wawili, kimya hicho kinamfaidi mteja. Mimi nilidhani kimya kinanilinda.

Najua utakachosema. Ukianza mambo ya maandishi mteja atahepa, na kuna kijana mwingine atakayeifanya kwa 500 kwa simu yake. Ni kweli. Nimepoteza wateja wawili hivyo na mmoja alikuwa na pesa nzuri. Ila sikwambii utafute wakili. Andika kwa lugha ya kawaida: unachora sampuli ngapi, anachukua ngapi kwa pesa hiyo, zilizobaki ni za nani, atatumia wapi, na kwamba haki haihami kabla hajamaliza kulipa. Ongeza kwamba unaruhusiwa kuionyesha kama kazi yako. Hata ujumbe wa WhatsApp ambao amejibu "sawa" unakufaa kuliko maneno ya mdomo. Na kabla hujalipwa, tuma picha yenye jina lako katikati. Faili kamili ingoje M-Pesa iingie.

Kuna pia yale mashindano ya nembo yanayosambazwa mitandaoni, tuma kazi yako mshindi apate zawadi. Soma masharti hadi chini kabisa. Nimekuta yanayosema kila kilichotumwa, pamoja na cha walioshindwa, ni mali ya mwandalizi. Watu mia wachore, mmoja alipwe, na mia wote wapokonywe. Binafsi siingii tena.

Halafu kuna wanaopenda kutuhubiria kuhusu Nike. Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi kule Portland, Marekani, alipochora ile alama ya tiki mwaka wa 1971 na kulipwa dola 35. Watakwambia baadaye kampuni ilimpa pete na hisa, basi nawe vumilia. Wanachoruka ni kwamba zawadi ile ilikuja 1983, miaka 12 baadaye, kwa hiari ya mwenye kampuni. Je, yule wako wa njugu unamwona akikununulia pete?

Sisemi umkamue kila mtu. Shangazi yangu anauza achari na lebo yake niliichora bure, na bado tuliandikiana, akacheka sana.

Yule mteja wa siagi alinitafuta tena mwezi jana. Anataka lebo ya mkebe wa kilo moja, "simpo tu". Nilimtumia mistari mitano ya masharti na bei mpya. Tiki mbili za buluu ninaziona, jibu bado.