Shujaa Aliyerudi na Nyumba Iliyomngoja

Mwaka 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Julius Nyerere aliwaeleza wananchi kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Maneno hayo twayakariri mara kwa mara, lakini ni nadra kuyafanya mizani ya kujipimia. Leo na tuyatumie kuipima kumbukumbu yetu ya Vita vya Kagera. Nadai kwamba kumbukumbu hiyo ni nusu. Imempamba askari aliyekwenda, ikamsahau aliyerudi. Imelisifu taifa lililoshinda, ikaipita mlangoni nyumba iliyolipa gharama ya ushindi.

Juu ya haki ya vita vile hatuna ubishi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu kaskazini ya Mto Kagera, yakaua raia na kupora mifugo, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi tunavyo. Jeshi la Wananchi liliongezewa nguvu na wanamgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na askari magereza. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na mwezi Juni vita vikamalizika. Kwaya ziliimba, ngoma zikalia, washairi wakajaza kurasa. Yote hayo yalistahili. Lakini ngoma ziliponyamaza, nini kilifuata nyumbani?

Tuchukue mfano wa nyumba moja, nayo si ya pekee. Baba, mkulima na mwanamgambo, amerudi mzima wa viungo. Usiku embe likidondoka juu ya bati, huruka kitandani akitafuta bunduki ambayo hanayo tena. Watoto wamefundishwa kukohoa kabla ya kuingia alimo. Majirani wananong'ona kwamba ana mapepo. Wazee wanamwambia mwanamume halii. Mkewe, aliyelima peke yake muda wote wa vita, haulizwi neno. Katika nyumba ya pili hakurudi mtu. Kabla matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu wamekwisha kuhesabu mbuzi na kushauriana nani amrithi mjane. Ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kutamka kwamba mjane yu huru kuishi apendapo, na kuolewa na amtakaye au asiolewe kabisa. Je, huu nao si utamaduni? Ni utamaduni, tena ndio ule tunaouficha wageni wajapo.

Wako watakaosema kwamba kidonda kimepona, tusikitoneshe. Nawauliza: kimepona kwa nani? Kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa hakiponi, huoza chini kwa chini. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengine watasema kwamba kusimulia machozi ya askari ni kumvunjia heshima na kudhoofisha moyo wa ulinzi. La hasha! Kijana anayeona mjane wa shujaa akinyang'anywa shamba, na shujaa mwenyewe akiitwa mwendawazimu, ndiye atakayesita nchi itakapomwita.

Tena hoja hizo si za mila zetu, ingawa huvikwa kanzu ya mila. Baadhi ya jamii zetu zilikuwa na desturi ya kumtakasa aliyetoka vitani kabla hajakaa tena kula na wenziwe. Mababu walijua kwamba kurudi ni safari nyingine, na kwamba mtu hawezi kuisafiri peke yake. Sisi tuliazima gwaride na tarumbeta, tukaitupa hekima hiyo. Kisha tukasema kwamba kunyamaza ndio uanaume wa Kiafrika!

Itazameni sanamu ya askari iliyosimamishwa na Waingereza katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Ni askari mmoja wa shaba, hana jina. Mkoloni alitosheka na shaba kwa sababu waliokufa hawakuwa wanawe. Sisi hatuna udhuru huo. Waliolala Kaboya mkoani Kagera na Naliendele mkoani Mtwara ni wana wetu. Kila tarehe 25 Julai tunawawekea mkuki, ngao na mashada ya maua, na ni vyema. Lakini mkuki uliowekwa juu ya mnara haumlishi yatima, wala hausikilizi usiku wa aliyerudi.

Kwa hiyo nawageukia walimu na wanafunzi. Darasani Vita vya Kagera hufundishwa kama ramani yenye mishale na orodha ya tarehe. Tarehe ni lazima zijulikane, lakini hazitoshi. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 leo anaukaribia umri wa miaka 70, na kila mwaka twazika ushahidi. Nendeni kwa wazee hao kwa adabu, si kwa udadisi. Msimlazimishe mtu kusema. Akinyamaza, kaeni naye. Mwulizeni mjane aliuza nini ili watoto wasome katika miaka ile ya kufunga mikanda. Mwulizeni mwana ilikuwaje kukua akikohoa mlangoni. Kisha andikeni, kwa Kiswahili safi, bila kupamba.

Taifa lililokuwa na sababu, nia na uwezo wa kumfukuza mvamizi haliwezi kudai kwamba limekosa uwezo wa kuwasikiliza waliomfukuza. Sababu ipo, na uwezo upo. Kilichopungua ni nia.