Laptopu Imejaa na Hujaweka Hata Muvi? Cheki Apdeti za Zamani Kwanza

Wasee, hii mmeiona. Laptopu ya diski ya GB 64, ndani iko na CV na picha chache za harusi ya beshte, lakini ule mstari wa C umegeuka mwekundu. Fundi anaiangalia, anasema, "Hii diski imeisha, tafuta doo ya ingine." Pole pole basi.

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza rasmi kuhudumia Windows 10. Ukihamia Windows 11, GB 64 ndio kiwango cha chini kabisa inachoitisha. Windows ya zamani inabaki kwa folda ya Windows.old, ambayo hufutwa yenyewe baada ya siku 10 hivi. Lakini kila apdeti inayoingia pia huacha faili za ile iliyotangulia ndani ya folda ya WinSxS.

Mbona ziachwe? Ni kama spea. Apdeti mpya ikileta noma, unarudi kwa ile ya jana. Shida ni kubeba spea tano kwa buti ya Vitz.

Kutoa ni rahisi. Tafuta Disk Cleanup, bonyeza "Clean up system files", kisha weka tiki kwa "Windows Update Cleanup". Na fundi anayeandaa Windows moja ya kumwaga kwa mashine zote za cyber, apitishe kwanza DISM na StartComponentCleanup. Hesabu mwenyewe: taka ya GB 3 ukiikopi kwa mashine 20, hiyo ni GB 60.

Ukiongeza ResetBase unapata nafasi zaidi, lakini apdeti zilizoko hazing'oki tena. Hakikisha mashine iko poa kwanza.

Na usiwahi kuingia WinSxS ufute na mkono. Folda hiyo huonekana kubwa kuliko ilivyo, juu faili moja inaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Ukifuta vibaya, mashine inaweza kukataa kuwaka.

Hii si stori ya nafasi tu. Diski ikijaa, apdeti za usalama zinakwama nje, na kwa hiyo laptopu ndio umesevu paswadi ya imeili, ya eCitizen na ya benki. Safisha kwanza, doo ya diski mpya itangoja.