Sinema irudi nyumbani pamoja na maneno yake



Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wengi wapendao sinema hata huziweka filamu nyumbani, kama wengine wawekavyo vitabu. Kila mwaka hungoja kwa hamu kujua ni filamu gani za zamani zitakazotolewa katika DVD, au katika zile diski nyingine ziitwazo Blu-ray. Hutaka picha iliyoondolewa mikwaruzo, filamu nzima isiyokatwa, maelezo ya mtengenezaji, na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Nao wana uvumilivu mkubwa. Filamu The African Queen, aliyoipiga Bwana John Huston na kuitoa mwaka 1951, ilipigwa kwa sehemu katika nchi yetu, kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville ambayo leo ni Ubundu. Hata hivyo DVD yake rasmi haikuuzwa Marekani mpaka mwezi wa Machi 2010.

Na sisi wa Katana, je, twangoja nini? Maana hapa pia wako wapenzi wa sinema: wanafunzi, walimu, wauguzi wa hospitali ya Fomulac, na akina mama wanaotazama jioni wakati umeme unapokubali. Mimi naona kwamba mikwaruzo haiwasumbui sana. Macho yetu yamezoea picha zenye mvua. Wanalolitaka ni jingine: filamu zilizopigwa huku kwetu zirudi huku kwetu, nazo ziseme lugha inayosikilika nyumbani.

Vijana wengi hawajui kwamba Bukavu iliwahi kuwa mji wa kutengeneza sinema. Baada ya vita kuu ya pili, wamisionari kadhaa wa Kongo ya Wabelgiji walishika kamera. Huko Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, Padri Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alianzisha Edisco-Films. Yeye ndiye aliyetengeneza picha za kuchorwa za Mboloko, yule paa mdogo mwenye hila nyingi, ndugu yake Sungura wa hadithi zetu. Huko Luluabourg, sasa Kananga, Padri Albert Van Haelst aliwachekesha watu kwa mambo ya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Na hapa Bukavu Mapadri Weupe walikuwa na Africa Films, iliyoongozwa na Padri De Vloo.

Yafaa tukumbuke pia hali ya siku zile. Mwaka 1945 amri ya serikali ya kikoloni ilikataza Waafrika kutazama sinema walizotazama Wazungu na Waasia, isipokuwa picha zilizopimwa kwanza na tume na kukubaliwa. Basi filamu za misioni zilitengenezwa kwa ajili ya watu waliofungiwa mlango mwingine. Ndani yake mna mambo mazuri, tena mna mengine yanayoudhi, kwa sababu mara nyingi mtu mzima huonyeshwa kama mtoto anayefundishwa kunawa mikono. Wengine husema sehemu hizo zikatwe kabla ya kuonyeshwa leo. Mimi sikubali. Mjukuu ana haki ya kuona jinsi babu yake alivyotazamwa, na kuamua mwenyewe kama atacheka au atakasirika. Mpenzi wa sinema wa Paris anataka filamu nzima. Mpenzi wa Katana naye apewe nzima.

Lakini filamu nzima ni nini? Hapo ndipo penye shida. Nyingi za filamu zile hazikuwa na sauti, au zilikuwa na sauti ya Kifaransa tu. Jioni mashini iliwekwa mbele ya kitambaa cheupe, na karibu yake alisimama mfafanuzi, aliyewaeleza watu kwa lugha yao yaliyokuwa yakipita mbele ya macho. Mfafanuzi hodari hakutafsiri tu. Alitia methali, alimtania mtu wa kwenye picha, aliwauliza watu swali, nao wakamjibu kwa kelele. Kwa hiyo nusu ya sinema ilikuwa katika ukanda, na nusu ya pili katika kinywa cha mtu yule. Ukanda ulipelekwa Ulaya ukahifadhiwa. Maneno yalikwenda na upepo wa ziwa.

Siwalaumu waliohifadhi. Ukanda wa sinema wa zamani hauwezi joto na unyevu: huanza kujikunja, kufifia, na kutoa harufu kali kama ya siki, na ukiisha kushikwa na ugonjwa huo huwaambukiza jirani zake katika kabati. Hutakiwa chumba kikavu chenye baridi mchana na usiku, na chumba hicho huhitaji umeme usiokatika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya filamu za Kongo ya kikoloni zimelindwa katika hifadhi za Ubelgiji, kama KADOC ya Leuven na Cinematek ya Brussels. Mwaka 2010 Cinematek ilitoa katika DVD mkusanyo wa filamu za Ernest Genval, André Cauvin na Gérard De Boe, watu watatu waliopiga picha nyingi katika Kongo. Ni kazi ya kushukuru.

Mtu wa Katana akiletewa DVD kutoka Brussels huweza kupatwa na kituko. Waliotengeneza DVD waliigawa dunia mafungu kwa namba, ili diski iliyouzwa katika fungu moja isichezwe katika jingine. Ulaya ya magharibi ni fungu la 2, Marekani ni la 1, nasi Wakongo tumewekwa katika la 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Diski ya Ubelgiji ikiwa imefungwa hivyo, na mashini yako ikiwa ya fungu letu, utasomewa kwamba hairuhusiwi. Yaani filamu iliyopigwa Kongo yaweza kukataa kuonekana Kongo! Katika Blu-ray mambo yalirekebishwa kidogo, kwa kuwa Ulaya na Afrika ziliwekwa pamoja katika fungu B; ila mashini zake ni chache mno huku.

Hata hivyo DVD hiyo hiyo ina uwezo mkubwa ambao hautumiwi. Diski moja huweza kubeba sauti 8 mbalimbali kwa filamu moja, na maandishi ya tafsiri ya namna 32. Fikirini basi. Kifaransa kingechukua nafasi moja, Kiswahili ya pili, Mashi ya tatu, Kihavu ya nne, na bado zingebaki nne tupu. Hatuombi mambo ya ajabu. Tunaomba nafasi zilizokwisha tengenezwa zijazwe.

Na anayedhani kwamba sauti ya Kiswahili ni kazi ya mabwana wakubwa tu, atazame Tanzania. Huko Dar es Salaam, tangu siku za kaseti, watu kama Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana kwa jina la Lufufu, walichukua filamu za nchi za mbali wakaweka juu yake sauti yao wenyewe, wakisimulia na kufafanua kwa Kiswahili. Uganda nako hufanya hivyo kwa Kiganda. Wenye kupenda usafi wa sanaa hukunja uso, nami nakiri kwamba wasimulizi wengine hupiga kelele mpaka mtu asisikie mvua ikinyesha kwenye picha. Lakini watazamaji wamewachagua. Mfafanuzi wa zamani hakufa. Alihamia kwenye kaseti.

Haya si mambo ya filamu za kale tu. Ngangura Mwezé alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1950. Mwaka 1987 alitoa pamoja na Benoît Lamy filamu La Vie est belle, ambamo Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta bahati yake katika muziki. Mwaka 1998 akatoa Pièces d'identités, habari za mfalme mzee wa Bakongo anayekwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake, na mwaka 1999 filamu hiyo ilipata zawadi kuu ya FESPACO huko Ouagadougou. Mtoto wa mji wetu amepata heshima iliyo kubwa kuliko zote katika sinema ya Afrika! Lakini bibi wa Irhambi asiyejua Kifaransa humwona mfalme yule akizunguka Brussels na kofia yake ya heshima, asijue anasema nini. Humwuliza mjukuu. Mjukuu hutafsiri maneno matatu, kisha huchoka.

Tafsiri si jambo dogo, na sisi wa Kivu tuna sababu ya kulijua. Mwaka 2015 Thierry Michel na Colette Braeckman walileta filamu juu ya Daktari Denis Mukwege na wanawake wanaotibiwa Panzi, iitwayo L'Homme qui répare les femmes. Mwezi wa Septemba serikali ya Kinshasa ilikataza isionyeshwe, na moja ya malalamiko yake lilikuwa hilo la tafsiri: kwamba maandishi ya Kifaransa hayakulingana na maneno ya mashahidi. Mwezi wa Oktoba ruhusa ilitolewa. Hapo watu wote waliona kwamba mstari mdogo ulioandikwa chini ya picha unaweza kuitikisa serikali. Na ni nani awezaye kuhukumu mstari huo? Ni yule anayeisikia lugha ya mama anayesema. Kwa filamu za Kivu, sisi ndio mashahidi wa tafsiri, na anayetengeneza diski bila kutuuliza anajinyima mashahidi wake.

Kuna jambo lingine ambalo sijaliona katika orodha za wapenzi wa sinema wa Ulaya, kwa sababu kwao limekwisha tengenezwa: majina. Tazameni kasha la DVD yoyote ya zamani. Mpiga picha yupo, mwenye muziki yupo, hata aliyekata ukanda yupo. Lakini mama aliyetwanga, kijana aliyepiga kasia, mtoto aliyecheka karibu na kamera, hao huitwa wenyeji, basi. Mtoto wa miaka 10 aliyepigwa picha mwaka 1955 leo amepita miaka 80. Pengine yuko hai, ameketi kizingitini kwake hapa Katana au Kabare, naye angeweza kusema: huyu ni dada yangu, mti huu ulikatwa, huyu alikuwa mchezaji ngoma. Hilo haliwezi kungoja kama The African Queen ilivyongoja. Mikwaruzo ya picha mashini itaiondoa hata baada ya miaka 50. Jina la mtu mashini hailijui.

Wengine watajibu: mbona mwashikilia diski, na leo filamu hutazamwa kwa simu kupitia intaneti? Ni kweli, vijana hutazama hivyo, na wengi wao hawajapata kushika DVD mkononi. Lakini faranga za mtandao huisha kabla filamu haijafika katikati, na filamu iliyo kwa watu huweza kuondolewa siku wapendayo wao. Diski, au flashi, ikiwa mkononi mwako ni yako. Yachezwa kwa umeme wa jua hata mtandao ukilala juma zima. Tena kuna vita. Mwaka 1996 tuliona nyumba zikifunguliwa kwa nguvu na karatasi zikitupwa barabarani; mwezi wa Februari 2025 vita vilipita Katana na Kavumu vikafika Bukavu. Kitu chenye nakala moja katika nyumba moja hupotea kwa siku moja. Chenye nakala katika nyumba mia ni vigumu kukimaliza.

Najua pia kwamba nakala nyingi zinazouzwa sokoni Kadutu hazikulipiwa kwa mwenye filamu. Huo ni wizi, na mtengenezaji wa Kiafrika ndiye anayeumia kwanza. Lakini wenye haki nao wajiulize: mwalimu wa Katana angenunua wapi nakala halali ya Pièces d'identités, na kwa bei gani? Mradi wa kuokoa filamu za Afrika, ulioanzishwa mwaka 2017 na shirika la Bwana Martin Scorsese pamoja na FEPACI na UNESCO, umekusudia filamu 50. Sambizanga ya Mama Sarah Maldoror, iliyopigwa Kongo-Brazzaville na kutoka mwaka 1972, imekwisha rudishiwa uzuri wake, na mwaka 2022 ilitolewa Marekani katika sanduku pamoja na filamu nyingine tano. Ni sanduku zuri. Sijui mtu wa kwetu angeacha kulipia nini ili alinunue.

Basi, tukingoja wakubwa, liko la kufanya bila pesa nyingi. Wenye jamaa Ubelgiji wawaombe waulize KADOC na Cinematek ni filamu zipi zimeandikwa kuwa za Bukavu, Kabare na Katana, na kama nakala za kutazama zinaweza kuletwa: moja kwa maktaba ya Lwiro, moja kwa parokia ya Mugeri, na nyingine kwa shule. Ninyi wanafunzi chukueni daftari moja kwa kila filamu. Siku ya kuonyesha wazee waketi mbele, si nyuma kama tulivyozoea. Anayeshika mashini asimamishe picha kila mzee anapoinua mkono, na mwenye daftari aandike dakika, jina, mahali, na maneno ya mzee kama alivyoyasema katika lugha yake, kabla ya kuyaweka katika Kifaransa. Simu moja iwekwe karibu nao kunasa sauti. Daftari lisibaki kwa mwanafunzi mmoja. Linakiliwe mara mbili, na nakala moja ipelekwe Ulaya pamoja na barua, ili watakaotengeneza DVD ijayo waipate mezani.